Kasisi aliyefuata ndege hadi milima ya jangwani

Ugonjwa wa mapafu ndio uliomfanya Kasisi Henry Baker Tristram, Mwingereza aliyezaliwa mwaka wa 1822, kukimbilia joto la Sahara. Huko Algeria aliona vipozamataza wenye rangi ya mchanga, na mnamo 1859 akaandika kwamba nadharia ya Charles Darwin iliwaeleza vyema. Baada ya mdahalo wa Oxford wa 1860, aliipa nadharia hiyo kisogo.

Ndege hakuwaacha, ingawa enzi hizo kuwachunguza kulimaanisha pia kuwapiga risasi. Alikwea majabali ya Bahari ya Chumvi, ambako kwezi mweusi mwenye mabaka ya rangi ya chungwa mabawani angali anaitwa kwa jina lake. Mapafu yale yalimfikisha umri wa miaka 83. Aliaga dunia mnamo 1906.