Kabla ya AC, Kulikuwa na Mwana Kupona: Mama wa Pate Aliyepoza Nyumba kwa Mkono

Ukishuka boti pale Lamu mwezi wa pili, saa nane mchana, jua la huko halikusalimii, linakuvamia. Shati limeshika mgongo, simu imechemka, hata punda wamesimama kivulini wamenyamaza. Halafu mtu anakukaribisha kwa nyumba ya mawe ya zamani, unavuka daka, unaingia ndani, na maze, mwili unatulia. Hakuna feni. Hakuna AC. Hakuna hata tokeni za stima.

Sasa cheki, kuna mama mmoja aliyeishi maisha yake yote kwa joto hilo, akaacha maagizo ya vile nyumba inafaa kutunzwa. Wengi wenu mlisikia jina lake kwa darasa la fasihi mkasinzia. Anaitwa Mwana Kupona binti Msham.

ALITOKA PATE

Mwana Kupona alizaliwa kisiwa cha Pate karibu mwaka wa 1810. Wakati huo Pate ilikuwa imeshashuka kutoka enzi zake za utajiri, lakini familia za waungwana bado zilishikilia heshima, dini na ushairi. Manzi kusoma na kutunga mashairi haikuwa ajabu kwa familia kama hizo.

Aliolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, mji uliokuwa kisiwa hicho hicho cha Pate. Na Siyu haikuwa mji wa mchezo. Ilikuwa na wanachuoni, mafundi wa ngozi, wachongaji na wafua silaha. Miaka ya 1840 Sayyid Said wa Zanzibar alituma majeshi kuiteka, yakarudi mikono mitupu. Kwa hivyo wakati jamaa yuko huko nje anapigana na sultani mkubwa kuliko wote wa pwani, Mwana Kupona ndiye alikuwa anashikilia nyumba.

NYUMBA YENYEWE ILIKUWA MTAMBO

Nyumba za waungwana wa visiwa hivi zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene karibu nusu mita. Ukuta kama huo unachukua muda mrefu kupata moto, so joto la mchana linachelewa kufika ndani. Dari ni boriti za mikoko, na juu sana, ili hewa moto ipande ikuache wewe chini. Upande wa mtaani hakuna madirisha makubwa. Mwanga na hewa vinaingia kupitia kiwanda, ule uwanja wa katikati. Jiko liko juu kabisa, chini ya makuti, ndio moshi na moto wa kupika visikusumbue. Mitaa yenyewe ni myembamba hadi nyumba moja inampa jirani kivuli.

Maji ya kunywa yalikaa kwa mtungi wa udongo. Mtungi unatoa jasho kidogo kidogo, maji yanayokauka nje yanabeba joto, yaliyobaki ndani yanapoa. Kumbuka hiyo, tutairudia.

Lakini kuna siku ukuta pekee haukutosha. Kaskazi imepungua, kusi bado haijashika, hewa imesimama tu. Hapo ndipo mkono wa mtu uliingia kazini.

UTENDI WA 1858

Bwana Mataka alifariki 1856. Miaka miwili baadaye Mwana Kupona naye alikuwa mgonjwa, na akili yake ilikuwa kwa binti yake, Mwana Hashima, aliyekuwa na umri wa kama miaka 17. Alijua hatamwona akizeeka. Akatunga utendi wa beti 102, wosia wa mama kwa binti.

Ndani yake anamfunza kumcha Mungu, kuchunga ulimi, kuweka nyumba safi hadi chooni, kujipamba na kutia asmini kitandani. Na kuna pale anamwambia mume akilala asimwamshe kwa kelele, amkande na kumpepea.

Wasomi wamebishania utendi huu miaka mingi. Kuna wanaosema unamkandamiza mwanamke, wengine wanasema ni mama mjanja aliyemfunza bintiye kuishi salama kwa dunia ya wanaume. Lakini wewe soma hapo kwa kipepeo kama mtu anayelipa bili ya stima. AC ya nyumba hiyo ilikuwa mkono wa mke. Na maji ya birika na mtungi mara nyingi yalibebwa na watumwa, watu ambao majina yao hakuna utendi uliyaweka. Baridi ya nyumba kubwa ilikuwa na bei, na kuna mtu alikuwa anailipa kwa jasho.

Mwana Kupona alifariki miaka ya 1860. Siyu nayo ikaangukia mikono ya Zanzibar muongo huo huo. Wosia wake ukabaki, ukinakiliwa kwa mkono na kusomwa na wanawake wa pwani, hadi ukachapishwa kitabu Uingereza mwaka wa 1934.

MKONO UMEPUMZIKA, JOTO HALIJAPUMZIKA

Leo kazi ya kipepeo inafanywa na feni ya wati kama 60 hivi, na paneli moja ya sola inaiendesha bila wasiwasi. AC ndogo inaweza kula wati 1000. Na AC kwa siri ni mtungi uliosoma: kuna kimiminika kinageuka gesi ndani ya nyumba na kubeba joto, halafu kompresa inaiminya na kulitupa joto hilo nje. Kwa Lamu, nje ni wapi? Ni kichochoro ambacho ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Yaani unajipoza wewe, unampikia jirani.

Halafu kuna swali la stima inatoka wapi. Miaka mingi Lamu iliishi kwa jenereta za dizeli. Kisha ukaja mpango wa kiwanda cha makaa ya mawe, na Juni 2019 leseni yake ikafutwa baada ya wakazi kuupinga. Jua lenyewe liko hapo kila siku, bure.

So kabla hujaangusha kuta nene za nyanya ujenge keja ya kisasa ya bati na vioo, halafu ulie joto, fikiria. Acha ukuta ufanye kazi yake kwanza. Kilichobaki ipe feni na sola. Na ukipata mtu anakupepea ukilala, mshukuru, kisha umpokonye hicho kipepeo umpepee na yeye.