Eglantyne Jebb: Hakuuliza Mtoto ni wa Nani

Wiki hii tunamkumbuka Eglantyne Jebb, mwanzilishi wa Save the Children.

Alizaliwa Shropshire, Uingereza, mwaka 1876. Alisoma historia Oxford, akafundisha watoto wa shule ya msingi kwa muda mfupi. Afya yake ilikuwa dhaifu. Ugonjwa wa tezi ya shingo ulimsumbua miaka mingi.

Vita Kuu ya Kwanza ilisimama Novemba 1918, lakini Uingereza na washirika wake waliendelea kuzuia meli za chakula zisifike kwa walioshindwa. Watoto wa Ujerumani na Austria walikonda, wengine wakapata matege. Mwaka 1919 Eglantyne aligawa karatasi zenye picha ya mtoto mwenye njaa katika uwanja wa Trafalgar, London, bila kibali cha serikali. Alikamatwa, akatozwa faini ya paundi 5. Inasimuliwa kwamba mwendesha mashtaka mwenyewe alimpa paundi 5 baada ya hukumu, naye akaziweka kwenye mfuko wa watoto.

Mwezi huohuo wa Mei, yeye na mdogo wake Dorothy Buxton walizindua chama chao. Alibisha hodi kila mlango, hata kwa Papa Benedikto wa 15, aliyeagiza makanisa ya Katoliki yachangie.  Njaa ilipoingia Urusi mwaka 1921, kuna gazeti la London lililomlaumu kwa kulisha watu wa Bolsheviki. Chama kiliendelea kupika uji Saratov.

Mwaka 1923 aliandika tamko fupi la haki za mtoto, na mwaka 1924 Shirikisho la Mataifa likalipitisha. Alifariki Geneva mwaka 1928, akiwa na miaka 52.

Sisi wauguzi tunamwelewa. Mgonjwa akiletwa usiku, hatuulizi baba yake alipigana upande gani.

Na sisi tuna mfuko wetu mdogo wa wagonjwa na misiba. Siku akija mfadhili na bahasha nene, akitaka wasaidiwe watu wa kwao tu, au tunyamazie jambo fulani, tumshukuru kwa heshima na tumrudishie bahasha yake. Tutabaki na kidogo, lakini yeyote atakayebisha hodi atafunguliwa.