Sokoine na Neno Lililonyooka

Soma kwa ajili ya somo hili: Mithali 11:26; Amosi 8:4–6; Yohana 7:50, 51; Yakobo 1:19.

Kwa wafugaji wa Soitsambu, Loliondo na Monduli, kikao cha wazee kina utaratibu wake. Anayesema husimama, fimbo au rungu mkononi, na wengine humsikiliza mpaka amalize. Mwenye maneno mengi yasiyo na kichwa wala miguu hapati heshima pale. Edward Moringe Sokoine alitoka katika malezi hayo. Alizaliwa Monduli tarehe 1 Agosti 1938, akasoma huko na baadaye Umbwe, Kilimanjaro. Mwaka 1961 alijiunga na TANU, mwaka 1965 akawa mbunge, mwaka 1972 Waziri wa Ulinzi, na mwaka 1977 Waziri Mkuu. Mwaka 1980 aliacha kazi hiyo kwa sababu ya afya. Februari 1983 Mwalimu Nyerere akamrudisha.

Nchi aliyorudishiwa ilikuwa imechoka. Vita vya Kagera vilikuwa vimekula fedha nyingi, mafuta yalikuwa ghali, na viwanda vilikosa vipuri. Mama wa nyumbani alipanga foleni tangu alfajiri apate mche wa sabuni au kilo ya sukari, na mara nyingi alirudi mikono mitupu. Lakini bidhaa hizo hizo zilipatikana kwa mlango wa nyuma, kwa bei ya kuruka. Linganisha hali hiyo na ile iliyoelezwa katika Amosi 8:4–6. Nabii anawashutumu watu gani, na kwa matendo gani?

Hapo ndipo ulimi wa Sokoine ulipojulikana nchi nzima. Hakuwa mtu wa mizaha jukwaani wala wa kuzunguka mbuyu. Ulanguzi aliuita ulanguzi, na aliyeficha mali ya umma alimwita mhujumu, hata kama mtu huyo alikuwa na cheo. Mwishoni mwa Machi 1983 msako ulianza. Katika majuma machache watu zaidi ya elfu moja walikamatwa. Wengine, kwa hofu ya kukutwa na shehena, walitupa bidhaa usiku, na asubuhi zikaokotwa barabarani na maporomokoni. Mtu wa kawaida alifurahi, na furaha hiyo si vigumu kuielewa ukisoma Mithali 11:26, juu ya mtu anayezuia nafaka wakati wenzake wana njaa.

Ukali huo ulikuwa na macho pia. Mwaka huo huo, usafiri wa umma wa Dar es Salaam ulipozidiwa kabisa, watu binafsi waliruhusiwa kubeba abiria kwa mabasi yao, jambo ambalo siasa ya wakati ule ilikuwa imelikataa. Anayeweza kumwambia mfanyabiashara ukweli, na papo hapo akakubali kwamba shirika la serikali limeshindwa, si mkali kwa upande mmoja tu.

Hata hivyo kuna sehemu ya habari hii ambayo wanaompenda hupenda kuiruka. Sheria ya uhujumu uchumi ya 1983 ilitungwa wakati watu walikwisha kukamatwa, nayo ikarudi nyuma kuwafunika. Mashauri yalipelekwa kwenye baraza maalumu, si mahakama za kawaida. Hapakuwa na dhamana, wala wakili wa kumsemea mshtakiwa. Mlanguzi mkubwa aliweza kukaa kizuizini pamoja na muuza duka aliyekutwa na katoni kadhaa za sabuni, na wote wawili walikuwa wamekwisha kuitwa jina moja mbele ya taifa. Neno lililonyooka likitamkwa kabla ya kusikiliza humpata mwenye hatia na asiye na hatia kwa pamoja. Soma Yohana 7:50, 51. Nikodemo alidai nini kwa wenzake, nao walimjibuje? Je, ombi lake lilikuwa la kumtetea mwovu?

Tena ieleweke kwamba hakuna aliyemsingizia Sokoine kujitafutia mali katika kazi hiyo. Ndiyo sababu neno lake liliuma: halikuwa na bei.

Alhamisi tarehe 12 Aprili 1984, akitoka bungeni Dodoma kuelekea Dar es Salaam kwa barabara, alifariki katika ajali ya gari mkoani Morogoro. Alikuwa na umri wa miaka 45. Mwalimu Nyerere mwenyewe alilitangazia taifa kwa redio, na watu walilia hadharani. Alizikwa Monduli Juu, na chuo kikuu cha kilimo cha Morogoro kikapewa jina lake. Mwaka huo huo Bunge lilitunga sheria nyingine mahali pa ile ya 1983, na mashauri ya uhujumu yakarudishwa mbele ya majaji, ambako mshtakiwa aliweza kuja na wakili.