Kojima: Mchora mabango aliyewafunza Wamarekani

WAASI wa ADF walipovamia Mpondwe Novemba 1996, nilimpakia mwanangu wa miaka mitatu kwenye baiskeli nikatoka Bwera hadi mjini Kasese. Mama yake alikuwa amekwisha kufariki. Shangazi yake alitaka nimwachie mtoto, nikakataa. Tulihangaika naye pamoja.

Miaka kadhaa baadaye, nikiwa nimerejea kwenye biashara yangu mpakani, niliokota kitabu cha katuni katika rundo la vitabu vya mitumba sokoni. Kilikuwa na picha ya mtu mwenye upanga akisukuma kigari cha mbao, ndani yake mtoto. Nililipa bila kubembeleza bei.

Msomaji mpendwa, aliyechora kitabu hicho ni marehemu Goseki Kojima.

Alizaliwa Novemba 3, 1928, mjini Yokkaichi, Japani, siku ileile aliyozaliwa Osamu Tezuka, gwiji wa katuni za nchi hiyo. Tezuka alisomea udaktari. Kojima alipomaliza shule alichora mabango ya filamu.

Mwaka 1950 alihamia Tokyo, nchi ikiwa bado inajikwamua kutoka kwenye Vita Kuu ya Pili. Huko alichora picha za kamishibai. Msimulizi alizunguka mitaani na baiskeli, akawauzia watoto peremende, kisha akawaonyesha picha moja baada ya nyingine huku akisimulia hadithi. Baadaye alichora vitabu vya kukodisha, ambavyo mtu alilipia kidogo, akasoma na kurudisha, kama sisi tulivyokodi kanda za video.

Umaarufu ulimjia akiwa na zaidi ya miaka 40. Mwaka 1970 yeye na mwandishi Kazuo Koike walianza hadithi ya Itto Ogami, samurai aliyekuwa mkata vichwa wa shogun, mtawala wa Japani. Ogami anasingiziwa uhaini, mkewe anauawa, naye anashika njia na mwanawe Daigoro, akiua watu kwa malipo. Hadithi iliendelea hadi mwaka 1976, ikajaza vitabu 28.

Kojima alichora kwa brashi. Kurasa kadhaa hupita bila neno hata moja. Unaona mvua, majani na gurudumu la kigari, nawe unaelewa yote.

Huko Marekani, Frank Miller alivutiwa na michoro hiyo, na mwaka 1983 akaanza kutoa Ronin, hadithi yake ya samurai. Kitabu cha Kojima kilipotolewa kwa Kiingereza mwaka 1987, Miller ndiye aliyechora majalada ya kwanza. Max Allan Collins naye alitunga Road to Perdition mwaka 1998, akiwahamishia baba na mwana kwenye ujambazi wa Marekani ya zamani. Mwaka 2002 ikawa filamu ya Tom Hanks. Huenda uliiona bila kujua asili yake.

Kojima alifariki Januari 5, 2000, akiwa na miaka 71. Wamarekani waliliingiza jina lake katika orodha ya heshima ya tuzo za Eisner mwaka 2004, naye hayupo.

Mwanzoni mwa hadithi, Ogami anamwekea mtoto mpira na upanga achague. Mpira maana yake amfuate mama yake kaburini, upanga maana yake aandamane na baba. Mimi wangu sikumpa la kuchagua. Tulilala njaa, akachelewa shule, na nilijiambia kwamba mtoto mdogo husahau.

Ni macho ya Daigoro aliyoyachora Kojima yaliyonikatalia. Ni macho ya mtoto aliyeona mengi na hasemi. Niliyatambua, maana nilikuwa nimeyabeba kwenye baiskeli.

Mwanangu sasa ni mtu mzima. Nilimpa kile kitabu, na kwa mara ya kwanza nikamuuliza anakumbuka nini kuhusu safari ile. Anakumbuka yote. Nanyi mliorudi na watoto, waulizeni wenu.