Blaise Pascal, mgonjwa aliyewashinda madaktari

Sisi tunaosoma falsafa humkuta Blaise Pascal darasani, tukajibu mtihani na kumwacha. Mimi nilimrudia baada ya kuumwa homa kwa wiki nyingi, nikipimwa malaria na taifodi mara kwa mara na kuambiwa hakuna kinachoonekana. Nilitaka kujua yeye aliishije na jambo hilo maisha yake yote.

Alizaliwa Clermont, Ufaransa, tarehe 19 Juni 1623. Akiwa na umri wa mwaka mmoja hivi alidhoofu, tumbo likavimba, na kila alipoona maji alishikwa na hofu. Familia yake ilisimulia kwamba watu walisema mtoto amerogwa, na mama mmoja maskini akashukiwa. Kumbe si kwetu tu! Mama yake mzazi alifariki akiwa bado mdogo, baba akawalea yeye na dada zake, Gilberte na Jacqueline. Kabla ya kufikisha miaka 20 alianza kuunda mashine ya kuhesabu ili kumrahisishia baba kazi ya kodi. Gilberte, aliyeandika habari za maisha yake, anashuhudia kwamba tangu miaka 18 mdogo wake hakupata siku isiyo na maumivu.

Mwaka 1647 hali ilikuwa mbaya. Miguu ilipoa na kukosa nguvu, akatembea kwa magongo. Kichwa kiliuma, tumbo likawaka moto, na kinywaji hakikupita kooni ila kikiwa cha vuguvugu, tone kwa tone. Madaktari wakaagiza anywe dawa ya kuharisha siku moja na kuruka moja, kwa miezi mitatu, na avae soksi zilizolowekwa pombe kali. Alinywa zote, tone kwa tone, bila kulalamika. Septemba mwaka huo Descartes alikuja kumtazama, akamshauri alale sana na anywe supu. Nakiri nilicheka: mwanafalsafa mkubwa namna ile, na ushauri wa bibi zetu!

Septemba 1648 shemeji yake alipanda mlima Puy de Dôme na mrija wa zebaki, kwa maelekezo ya Pascal, na zebaki ikashuka kadiri alivyopanda. Swali la uzito wa hewa lilipata jibu. La mwili wake halikupata.

Usiku wa tarehe 23 Novemba 1654 alikutana na Mungu kwa namna iliyombadilisha, akaandika kumbukumbu yake na kuishona ndani ya vazi lake. Baadaye alitunga sala ya kuomba neema ya kuutumia vema ugonjwa. Hakudai uponyaji, alimwachia Mungu aamue.

Mwaka 1662 mtoto wa familia maskini aliyoihifadhi nyumbani aliugua ndui. Pascal hakuwatoa, alihama yeye, akaenda kwa Gilberte. Alipozidiwa, madaktari walisema hakuna hatari. Aliomba Komunyo Takatifu, ikacheleweshwa. Aliomba apelekwe hospitali ya wasiopona akafe pamoja na maskini, wakakataa. Alikomunika usiku, akiwa karibu kabisa na kifo, akafariki tarehe 19 Agosti akiwa na miaka 39.

Walipomfungua walikuta tumbo na ini vimesinyaa, matumbo yameoza, na utosi wake haukuwa umefunga kama wa watu wengine. Hadi leo wapo wanaosema ilikuwa kansa ya tumbo, na wapo wanaosema kifua kikuu.