Jumba la Tippu Tip na Mabega Yaliyolijenga



Mtu akifika Unguja na kupita mtaa wa Shangani, huonyeshwa jumba moja kuukuu lenye mlango wa nakshi na ngazi za marumaru nyeusi na nyeupe. Hilo ni jumba la Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana Bara yote kwa jina la Tippu Tip. Nimeona vema niandike habari zake katika gazeti letu la Mungaa, kwa kuwa mali iliyolitukuza jumba lile haikuota Unguja. Ilitoka Bara, ikabebwa na mabega ya watu wa Bara.

Alizaliwa Unguja katika miaka ya 1830. Baba yake, Muhammed bin Juma, aliweka makao Tabora, kwa majirani zetu wa magharibi, akaoa katika ukoo wa mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Hamed alianza biashara angali kijana, kwa bidhaa za mkopo kutoka kwa matajiri wa Kihindi wa Unguja. Alikwenda na nguo, shanga na bunduki, akarudi na pembe za ndovu. Mwaka 1867 alimshinda mtemi Nsama wa Itabwa, upande wa kusini wa Ziwa Tanganyika, akateka pembe nyingi mno. Baadaye alisonga mpaka Manyema, katika Kongo ya leo, akawa mtawala mwenye askari wake mwenyewe.

Historia yake inatugusa pia sisi wa Singida. Mwezi Januari 1875, Stanley alipita Unyaturu akielekea Ziwa Victoria, akapigana na wazee wetu huko Vinyata. Oktoba 1876 Stanley huyo huyo alikutana na Tippu Tip huko Manyema, naye akakubali kumsindikiza kuufuata mto Lualaba. Mwaka 1887 walisafiri pamoja kwa meli kutoka Unguja, wakaizunguka Afrika kusini hadi mdomo wa mto Kongo. Mwaka huo Mfalme Leopold wa Ubelgiji alimfanya liwali wa Stanley Falls, yaani Kisangani ya leo. Hivyo aliyejiona mtawala akawa mtumishi wa mkoloni.

Alirudi Unguja mwaka 1891. Mwaka 1893 mwanawe Sefu aliuawa katika vita na Wabelgiji, na dola ya Manyema ikawa imekwisha. Inasemekana kuwa mwaka 1895 mzee huyu alikuwa na mashamba saba na watumwa 10,000. Alifariki Juni 1905 kwa malaria.

Kabla ya kufa aliandika maisha yake kwa Kiswahili. Kitabu hicho ni miongoni mwa tawasifu za kwanza katika lugha yetu, na kwa hilo anastahili shukrani. Lakini nikikisoma naona jambo moja. Pembe zimehesabiwa kwa frasila, na kila frasila ni kama kilo 16. Wapagazi na watumwa walio wengi hawana hata jina.

Wapo wanaomwita shujaa, na wapo wasiotaka hata kumsikia. Mimi nasema asomwe, kwa kuwa ujasiri wake ulikuwa wa kweli, na unyonyaji wake ulikuwa wa kweli vilevile. Mmoja hauufuti mwingine.

Baada ya Mapinduzi ya 1964, jumba lile liligawanywa wakakaa humo familia kadhaa za watu wa kawaida. Naona hayo yalikuwa malipo madogo ya deni kubwa.

Enyi vijana, mkiandika insha za historia, msiishie kwa mwenye jumba. Waulizeni wazee wenu ni nani katika ukoo aliyebeba mzigo kwenda pwani, na ni nani ambaye hakurudi. Majina hayo yaandikeni kabla wazee hawajatutoka.