Kuhnert, Mchoraji wa Simba

Ndugu msomaji, unaikumbuka siku ya kwanza uliposhika penseli darasani? Vidole vilikuwa vizito. Ncha ilikatika. Mistari ilipanda na kushuka. Leo unajua kusoma. Basi soma habari za mtu ambaye penseli ilikuwa kazi yake maisha yote, na ambaye alikuja kuifanya kazi hiyo katika nchi yetu.

Jina lake Wilhelm Kuhnert. Alikuwa Mjerumani. Alizaliwa mwaka 1865 katika mji wa Oppeln. Siku hizi mji huo uko nchi ya Poland, nao huitwa Opole. Alisomea uchoraji Berlin.

Kuhnert alipenda sana kuchora wanyama. Lakini huko kwao simba na twiga walikuwa ndani ya vizimba tu. Wewe unayekaa Terrat, ukiutazama Mlima Meru kila asubuhi, unajua kwamba mnyama wa porini si sawa na mnyama aliyefungwa. Pundamilia wa porini husimamisha masikio. Husikiliza. Akishtuka, kundi zima hukimbia na vumbi hutimka. Mambo hayo huwezi kuyaona kizimbani. Wachoraji wengi wa Ulaya hawakujali. Kuhnert alijali.

Mwaka 1891 alifunga safari kuja huku. Wajerumani walikuwa wameanza tu kuitawala nchi yetu. Alitembea porini pamoja na wapagazi waliobeba mizigo yake. Alichora wanyama, miti na nyasi. Kisha alirudi Berlin, na kutokana na michoro hiyo akatengeneza picha kubwa za rangi. Alikuja tena mwaka 1905, na mara ya tatu mwaka 1911.

Labda utauliza: mnyama hukubalije kuchorwa? Hakubali. Kuhnert alimpiga risasi, kisha akakaa karibu na mzoga, akachora kichwa, mguu na manyoya. Alikuwa mchoraji, na alikuwa mwindaji.

Picha zake zilitiwa katika kitabu kikubwa cha wanyama cha Brehm. Kitabu hicho kilichapwa na kampuni ya jamaa ya Hans Meyer, yule Mjerumani aliyefika kilele cha Kilimanjaro mwaka 1889. Watu wa kwao walimpa Kuhnert jina la Kuhnert wa Simba.

Sasa sikiliza habari za safari ya pili. Mwaka 1905 wananchi wa kusini waliinuka. Walikuwa wamechoshwa na kodi na kulimishwa pamba kwa nguvu. Hivyo ndivyo vilivyoanza vita vya Maji Maji. Kuhnert alikuwa Mahenge, ndani ya boma la Wajerumani. Pengine umeliona boma la Arusha, lililojengwa mwaka 1900, ambalo sasa ni makumbusho. Maboma hayo yalikuwa ngome za vita.

Tarehe 30 Agosti 1905 maelfu ya wapiganaji walilivamia boma la Mahenge. Waliamini kwamba dawa ya maji itawakinga na risasi. Waliokuwa ndani walikuwa na bunduki zinazotema risasi mfululizo. Watu wengi sana walikufa siku hiyo. Kuhnert hakukaa pembeni na penseli yake. Alipigana upande wa Wajerumani.

Mwaka 1908 aliichora vita ile. Mkono ulikuwa uleule uliochora simba kwa uangalifu. Lakini aliichora kama mtu aliyesimama ndani ya boma. Hakuna mchoraji aliyekuwa nje, upande wa pili, na kurudi kwake akiwa na daftari. Vita viliendelea hadi mwaka 1907. Njaa iliyokuja pamoja na vita iliua watu wengi kuliko risasi.

Kuhnert alifariki mwaka 1926 katika kijiji cha Flims, nchi ya Uswisi. Mwaka 2018 picha zake zilionyeshwa katika mji wa Frankfurt, Ujerumani. Watu walikwenda kuwatazama simba wake. Walielezwa pia habari za Maji Maji.